Sanduku la Ustadh na Mholanzi Wake

Tangu nirudi hapa Kisauni, wasichana wanaongoja viza huja kukaa sebuleni kwangu, na maswali yao ni yale yale. Madam anapiga? Simu unaruhusiwa? Jua la Riyadh linazidi la Jeddah? Nawajibu ninachokijua. Habari za mshahara siziingii, maana ulikuja ukaenda, na watoto wa dada yangu ndio wanaojua ulikopita. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama kwenye kazi ya ndani mtu anaweza kushtushwa na Mholanzi aliyekufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Mimi nilishtushwa naye, tena si mara moja, na ndiyo maana naandika haya.

Nilifika Al-Hamra, Jeddah, nikijua kupika, kufua na kunyamaza. Nyumba ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa sheria ambaye kila mtu alimwita Ustadh, na mkewe, Mama Faisal. Faisal ndiye mtoto wao wa pekee, alikuwa na kazi ofisini huko Riyadh, na ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, iliandikwa kwa jina lake. Macho ya Ustadh yalikuwa yameshafifia, alibaki kuona mwanga na kivuli tu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi kwenye chumba cha vitabu. Nikaingia kwa bidii ya mgeni. Nilivishusha vyote, nikavipangusa, nikavirudisha kwa urefu, vifupi na vifupi wenzao, virefu na virefu wenzao, nikasimama mlangoni kujisifu. Baada ya adhuhuri Ustadh akaja, akanyoosha mkono, akatoa kitabu, akakipapasa, akakirudisha. Akatoa kingine. Kisha akasimama tu. Kumbe yule mzee alikuwa anaona kwa mkono, na mimi nilikuwa nimempofusha mara ya pili. Hakugomba. Alimwita mkewe, akamwambia kwa upole kwamba huyu msichana ameihamisha Jeddah yote.

Nililia jikoni, na hapo ndipo nilipompata mwalimu wangu. Bi Nasra alikuwa msimamizi wa jiko la nyumba ya jirani, mtoto wa Wazanzibari waliohamia Jeddah baada ya mapinduzi, Kiswahili chake kitamu mpaka unatamani akutukane. Alinicheka kwanza, halafu akanifundisha. Mzee asiyeona, alisema, usimshike mkono, si maharimu wako. Shika ncha ya bakora yake, yeye ashike ncha nyingine. Ukisimama, atasimama. Ukifika ngazini, inua kidogo, mguu wake utajua. Na la pili, ambalo nimewaambia wote mnaokuja kwangu: macho ni yako, masikio ni yako, lakini mdomo ni wa mwenye nyumba.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mshika bakora. Asubuhi nilimpeleka Ustadh kwenye kiti chake, mlango ukiwa wazi na Mama Faisal akishona hapo hapo karibu, nikabonyeza simu inayorekodi sauti, naye akaanza kusema kitabu chake. Kazi yangu ilikuwa kumwambia kama simu bado inarekodi, na kumletea chai. Kiarabu changu cha mwanzo kilikuwa cha yalla, haya twende, na mafi, hakuna. Kile cha pili nilikipata kwenye kile kiti, na kwa sababu hiyo hadi leo naweza kuzungumza kuhusu mahakama na uhamisho kwa Kiarabu fasaha, lakini nikienda kununua vitunguu nakwama.

Kitabu kilikuwa juu ya maisha ya Mholanzi mmoja wa zamani, mwanasheria na kiongozi wa nchi yake, aliyeandika kwamba bahari haina mwenyewe. Jina lake silitaji, ulimi wangu uligoma kulitamka tangu siku ya kwanza, nami niliishia kumwita Mholanzi. Alikuwa mtoto wa ajabu. Alitunga mashairi ya Kilatini katika umri ambao wenzake wanakimbiza kuku, na akaingia chuo kikuu akiwa bado mtoto. Alipokua akawa mkono wa kulia wa mzee mmoja mkubwa serikalini. Kisha nchi yao ikagawanyika juu ya dini, wakibishana kama Mungu ameshaandika nani ataokoka au mtu ana hiari yake.

Nilimsimulia Bi Nasra, akaweka mwiko chini. Hata Wazungu waligombana juu ya kadari? Ndiyo, nikamwambia, na mkuu wa majeshi akachukua upande, yule mzee mkubwa akakatwa kichwa mbele ya watu, na Mholanzi wetu akahukumiwa kufungwa maisha kwenye ngome iliyozungukwa na maji. Bi Nasra hakupika tena mpaka alasiri.

Nami nilipigwa na butwaa kwa jambo jingine. Mke wa Mholanzi, badala ya kurudi kwao na kulia, alihamia gerezani. Alikwenda na watoto na mtumishi wa nyumbani, wakaishi naye ndani ya kuta zile, akipika, akilea, akipokea nguo za kufua. Marafiki walimletea mumewe vitabu ndani ya sanduku kubwa, akimaliza kusoma vinarudishwa na sanduku lile lile. Mwanzoni askari walilifungua kila mara. Wakaona vitabu. Wakafungua tena, vitabu. Mwishowe wakachoka. Mumewe alikuwa akisoma. Mke ndiye aliyekuwa akiwatazama askari.

Alimlaza mumewe ndani ya sanduku lile, akalifunga, akakaa juu yake. Akamfanyisha mazoezi siku baada ya siku, alale kimya, asikohoe, azoee. Siku hiyo Ustadh alisimamisha simu mwenyewe. Mama Faisal aliacha kushona. Akamuuliza mumewe kama yeye angekubali kuingia. Ustadh akasema angekubali, ila yeye Mama Faisal asingeweza kukaa juu ya kifuniko bila kuzungumza. Tulicheka sote watatu. Wale walikuwa watu waliopendana, na mimi niliwapenda.

Walikwenda Hijja pamoja kabla sijafika kwao, na Mama Faisal, kama wafanyavyo mahujaji wengi, alinunua sanda mbili, akaziosha kwa maji ya Zamzam kwa mikono yake, akazianika, akazikunja. Alinionyesha kabatini bila woga wowote, kama mtu anayekuonyesha mashuka ya wageni. Hii yangu, hii yake. Kwa hiyo Mama Faisal alipofariki, tulijua pa kwenda.

Ustadh alikaa kitini wiki nzima ya msiba akipokea pole. Aliyeharibika ni Faisal. Siku tulipokuwa tukipanga nguo za mama yake, alifungua kabati akaiona ile sanda ya pili. Sijui alidhani nini. Alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Aliniambia, "Mishi, itupe. Halas. Nimeshazika mmoja, sitaki kuandaliwa wa pili." Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa mtu mbaya. Tangu hapo mtu akitaja kifo mbele yake alimwombea umri mrefu baba yake kwa haraka na kubadilisha mazungumzo.

Sikuitupa. Nilimpelekea mwenyewe, nikamwekea mapajani. Ustadh aliipapasa pindo lote, akaijua. Akaniambia nimpeleke kwenye sanduku la mbao alimoweka vitabu vyake vya Mholanzi, nimshikie kifuniko. Akailaza chini kabisa, akapanga vitabu juu yake, akafunga, akanipa ufunguo. Maneno yake niliyashika neno kwa neno: "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayesema. Mwanangu hawezi kusikia haya kutoka kwangu. Nizikwe na kitambaa alichokiosha mke wangu." Ufunguo niliutia kwenye uzi, nikauvaa shingoni. Hofu iliniingia siku hiyo hiyo. Mwenye ikama yangu ameniambia nitupe, na mwenye nyumba ameniambia nitunze.

Dada yake Ustadh, mjane, alihamia ghorofani ili nyumba isiwe na maneno ya mzee kubaki na msichana peke yake, na kazi ya kitabu ikaendelea.

Ijumaa zangu za mapumziko nilikwenda mtaa wa Karantina, chumbani kwa Njeri, mwenzangu wa kutoka Nyeri aliyekuwa akifanya kazi za kutwa. Tulikuwa wanawake wa kila namna pale, wa msikitini na wa kanisani, tukila chapati na kupunguza machungu. Nyumba ya Ustadh sikuisemea, kama Bi Nasra alivyonifunza. Lakini Mholanzi hakuwa siri ya mtu, basi nilimsimulia kila Ijumaa kipande. Nikiingia tu naulizwa, "Mishi, huyo jamaa bado ako jela?" Siku ya sanduku hata chapati zilipoa.

Niliwaeleza jinsi mke alivyoteua siku ambayo mkuu wa ngome hayupo, akamfungia mumewe ndani, akapanga nguo zake kitini, akavuta pazia la kitanda kana kwamba mume yumo amelala mgonjwa. Yeye akabaki. Aliyetoka na sanduku ni mtumishi wa nyumbani, binti wa kawaida kama sisi. Wanasema askari walilalamika uzito, wakauliza kama kuna mtu humo, naye binti akawatuliza kwa utani kwamba elimu ina uzito wake. Binti alipanda nalo chomboni, akavuka nalo maji, akalifikisha nyumba ya rafiki. Mholanzi akatoka, akavalishwa nguo za fundi mwashi, akapita mjini na mwiko wa kujengea mkononi.

Njeri alisema, "Huyo mama ako na roho. Mimi mzee wangu ningemwacha huko ndani nitoke na vitabu." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nami kwa furaha nikaongeza kwamba juma linalofuata na mimi nasafiri na sanduku la vitabu kwenda Riyadh. Ilikuwa kweli. Faisal alikuwa ameamua baba yake na shangazi yake wahamie kwake, kwenye jengo refu la mtaa wa Olaya.

Sasa, mlangoni alikuwa amesimama msichana mgeni, Nafula, hana hata miezi mitatu nchini. Aliingia hadithi ikiwa katikati. Hakusikia Uholanzi, hakusikia miaka mia nne. Alichosikia ni kwamba kuna mtu ndani ya sanduku la vitabu, dada wa kazi ndiye mbebaji, na Mishi wa Al-Hamra anasafiri. Kwa huruma ya kweli, Mungu ambariki, aliwatumia wasichana wote kwenye simu sauti ya kunionya: wenzangu, mwambieni huyo dada aache, njiani kuna vizuizi, atafungwa. Sauti hiyo ilitoka Karantina ikaruka mpaka Riyadh, na huko Riyadh Mkenya aliyekuwa akifanya kazi kwa Faisal akaisikia, akaogopa, akamweleza madam wake, mke wa Faisal. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nafunga mabegi.

Ustadh alikataa ndege, asitenganishwe na sanduku. Tukaenda kwa gari kubwa la nyumbani, yeye mbele na dereva, mimi na dada yake nyuma, sanduku likitusukuma migongo. Tulipita Taif tukashika jangwa. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana akachungulia, akauliza ni nini kile. Vitabu, Ustadh akasema. Yule kijana alipiga mwayo, akatupungia mkono tupite. Ustadh alicheka peke yake mwendo mrefu. "Askari wa dunia nzima," alisema, "huchoshwa na vitabu." Nilishika ufunguo shingoni nikamshukuru Mungu, nikiamini tumeshavuka.

Faisal alikuwa akingoja kwenye maegesho chini ya jengo, pamoja na mlinzi. Alimsalimia baba yake kwa kumbusu kichwani, akampandisha yeye na shangazi yake kwa lifti na dereva. Lifti ilipojifunga akanigeukia.

"Mishi, fungua sanduku."

Nilimwambia ni vitabu vya Ustadh, ni amana. Akaniuliza amana gani inayohitaji ufunguo shingoni. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau: kwamba Riyadh na Jeddah watu wanasema amefichwa mtu ndani ya sanduku la baba yake, na kama ni kweli, yeye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, ndiye atakayejibu. Mlinzi alikuwa amesogea nyuma hatua kadhaa. Hapo ndipo nilipoelewa, na sikujua nicheke au nianguke. Nilikuwa nimezunguka dunia na kumkuta Mholanzi ananisubiri kwenye maegesho ya Olaya.

Nilimfikiria yule binti chomboni. Yeye alikuwa na mzaha wa kuwatupia askari. Mimi nilikuwa nao mzaha gani? Nikisema hakuna mtu, atafungua ahakikishe. Nikikataa, ni polisi, na polisi watafungua. Nilivua uzi, nikafungua mwenyewe.

Alitoa vitabu kimoja kimoja, akiviweka sakafuni kwa adabu, maana alilelewa kwenye nyumba ya vitabu. Aliona hakuna mtu, uso ukalegea, akataka hata kutabasamu. Kisha mkono ukafika chini. Nilimwona akiitambua kabla hajaitoa. Alipiga magoti pale pale kwenye saruji, na suti yake.

Wazee wetu wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu walikuwa wamesema kuna mtu ndani ya sanduku lile. Hakuwamo, lakini nguo yake ilikuwa imeshamtangulia, na mwanawe alikuwa ameishika.

Alimwambia mlinzi aende zake. Magari yalipita juu yetu barabarani. Nilingoja neno moja tu, la kurudishwa nyumbani. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba anajua umeileta?"

"Yeye ndiye aliyeilaza humo, bwana. Mimi nilishika kifuniko tu."

Aliirudisha, akapanga vitabu juu yake vile vile vilivyokuwa, akafunga, akanipa ufunguo wangu. Hakulitaja jambo hilo siku ile, wala kesho yake, wala mwaka uliofuata. Na kunyamaza kwake kulinitesa kuliko kugombezwa. Kila alipokuja chumbani kwa baba yake na kulitupia jicho sanduku, niligusa uzi wangu shingoni.

Kwenye ghorofa ile ya Olaya Ustadh alimaliza kitabu. Mholanzi hakurudi kwao akaishi. Mkewe aliachiwa baada ya muda, akamfuata uhamishoni, wakahangaika nchi za watu, mume akawa balozi wa nchi nyingine na wala si wa nchi yake. Uzeeni alivunjikiwa jahazi, akafika pwani ya kigeni mgonjwa, akafa kati ya watu wasiomjua. Ndipo wakampeleka alikozaliwa, ndani ya sanduku. La kwanza lilimtoa, la pili likamrudisha. Ustadh aliniambia kwamba huko Uholanzi zaidi ya nyumba moja ya makumbusho inaonyesha lile la kwanza, na kila moja inaapa ndilo lenyewe. Nilishangaa kidogo tu, nimefanya kazi kwenye nyumba za wenye mali.

Aliniuliza katika hadithi nzima ni nani niliyempenda zaidi. Alidhani nitasema mtumishi. Nilisema ni yule mke, wakati sanduku limeshatoka na yeye amebaki chumbani na nguo tupu kitini, akisikiliza. Ustadh alipapasa bakora yake.

"Huyo ni mimi," alisema. "Wangu ameshavuka. Mimi ndiye niliyebaki chumbani." Kisha akaniambia nizime simu.

Alifariki mchana mmoja baada ya sala ya adhuhuri, kitini, chai ikiwa bado ina moto. Nyumba ilijaa watu upesi. Nilijua zamu yangu imefika, maana baada ya alasiri watamwosha na kumsalia, na huko msikitini sanda zipo tayari za kila mtu. Niliingia chumbani kwake, nikavua uzi, nikafungua sanduku. Nilitoa vitabu vyote. Nikapapasa mbao. Hapakuwa na kitu.

Niliviangalia vitabu vile sakafuni kana kwamba vitanijibu. Basi ndiyo maana hakusema, nilijiambia. Ameitupa mwenyewe, zamani, na mimi nimelinda mbao tupu. Nililia kwa hasira, si kwa msiba. Mfanyakazi hapiti kwenye chumba cha wanaume, lakini siku ile nilipita, nikiwa tayari kusema mbele ya wote na kurudishwa Mombasa kwa ndege ya jioni hiyo hiyo.

Sikufika. Faisal alikuwa amekaa peke yake kwenye ushoroba, sakafuni, mgongo ukutani. Mapajani mwake palikuwa na sanda, imekunjwa kwa mikunjo ya mama yake.

"Unatafuta hii," aliniambia. "Niliitoa usiku ule ule, kwa ufunguo wa pili niliouona katika vitu vya baba, nikaiweka kabatini kwangu, katikati ya kanzu. Nimekuwa nikiishika kila Ijumaa, Mishi. Nizoee. Nilisema siku yenyewe ikifika mikono isinitetemeke."

Alipoinuka kwenda kwa baba yake, mikono ilikuwa ikimtetemeka mno hata pindo likafunguka na kuburura chini. Sikumgusa, si maharimu wangu. Niliokota ncha moja ya kile kitambaa, yeye akashika ncha nyingine, nikatangulia mbele polepole mpaka mlangoni.